Hosteli, chumba cha kupanga au kwa ami: mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akae wapi pombe isimpate?

SWALI: "Kijana wangu ana miaka 19, ameitwa chuo kikuu Kilifi. Sisi twakaa Malindi. Baba yake ataka awe akienda na kurudi kila siku. Ami yake yuko Tezo, amesema atamkaribisha. Yeye mwenyewe ataka kupanga chumba na wenzake wawili aliosoma nao sekondari. Hosteli nayo, watu wanitisha kwamba ndiko vijana wanakoharibikiwa na pombe. Nyumbani kwetu hakuna anywaye. Nimweke wapi?"

JIBU: Mama, hongera kwa kijana. Nakupa jibu kwanza, sababu zitafuata. Mwaka wa kwanza akae kwa ami yake Tezo, kwa masharti mawili nitakayoyataja hapa chini. Masharti hayo yasipotimia, akae hosteli ya ndani ya chuo. Chumba na wenzake wawili kingoje mwaka wa pili. Safari ya Malindi na Kilifi kila siku ningeiondoa kabisa, ingawa naona baba yake ameipendekeza kwa nia njema.

Hofu ya hosteli ina msingi, lakini imewekwa mahali pasipo pake. Uchunguzi mmoja mkubwa wa jambo hili ulifanywa Marekani na Chuo Kikuu cha Harvard, ukiongozwa na Henry Wechsler, mara nne: 1993, 1997, 1999 na 2001, kila mara kwa wanafunzi zaidi ya 10,000. Walihesabu wanaokunywa kwa mfululizo, yaani vinywaji vitano au zaidi kwa mvulana na vinne au zaidi kwa msichana katika kikao kimoja, ndani ya wiki mbili zilizopita. Mwaka 2001, walioishi na wazazi ni kama mmoja kati ya wanne waliokuwa wamekunywa hivyo. Katika mabweni ya kawaida ya chuo walikuwa chini kidogo ya nusu. Waliopanga nje bila wazazi walipita nusu. Juu kabisa, takriban watatu kati ya wanne, ni wale walioishi katika nyumba za vyama vya wanafunzi, ambako vijana wa rika moja hujitawala wenyewe, hujiwekea sheria zao na hualika watu wao.

Kwa hiyo hosteli haikuwa mbaya kuliko zote. Chumba cha kupanga nje ndicho kilichoizidi. Nyumba iliyojaa vijana watupu bila mtu mzima ilizidi vyote. Chumba cha vijana watatu waliosoma pamoja, kwenye kompaundi ambayo mwenye nyumba huonekana mwisho wa mwezi tu, ni mdogo wake wa nyumba hizo.

Usizichukue tarakimu hizo ukazibandika Kilifi kama zilivyo. Kule umri halali wa kunywa ni miaka 21, kwa hiyo wanafunzi wengi wa miaka ya mwanzo hawaruhusiwi kununua. Hapa kwetu ni 18, na kijana wako ana 19, yaani muuzaji hana sababu ya kumkataa. Isitoshe, sheria ya vileo ya 2010, ile ambayo watu huiita sheria ya Mututho, ilipoweka umbali wa mita 300 kati ya baa na taasisi za masomo, ilitaja zile za walio chini ya miaka 18. Mzazi anayedhani lango la chuo kikuu linalindwa kama lango la shule ya msingi anajidanganya. Kinachofanana huku na kule ni mpangilio wenyewe: kadiri mtu mzima anavyokuwa mbali na mlango, ndivyo unywaji unavyopanda.

Kuna shaka moja ya haki hapa. Pengine mnywaji ndiye anayekwenda kutafuta chumba cha nje, na asiyekunywa ndiye anayekubali kukaa kwa wazazi. Kama ni hivyo, nyumba haina kosa, ni watu wamejichagua. Shaka hiyo ni kweli kwa sehemu, lakini haimalizi mambo. Michael Kremer, mwanauchumi aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2019, ambaye kazi yake ya dawa za minyoo kwenye shule za Busia wengi wetu tunaifahamu, alichunguza na Dan Levy chuo kimoja cha Marekani ambako wanafunzi wa mwaka wa kwanza walipangiwa wenzao wa chumba kwa kura. Hakuna aliyemchagua mwenzake. Wavulana waliopangiwa na mtu aliyekuwa akinywa kabla ya kuja chuo walipata alama za chini, kwa wastani robo ya pointi katika mfumo wa pointi nne, kuliko waliopangiwa na asiyekunywa. Kwa wavulana ambao wao wenyewe walikuwa wamezoea kunywa, pengo lilikuwa kubwa zaidi ya hapo. Kwa wasichana athari hiyo ya alama haikuonekana. Na haikuisha walipotengana. Iliendelea hata baada ya mwaka wa kwanza, maana marafiki wa mwanzo ndio hubaki.

Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza kuhusu nyumba yoyote ni hili: nani analala kitanda cha pili? Wale wenzake wawili unawajua. Kama mmoja wao alikuwa akinywa tangu kidato cha nne, chumba hicho kimeshapata jibu.

Sasa nieleze kinachotendeka ndani ya chumba, kwa sababu hapa ndipo wazazi wasiokunywa hukosa picha. Baa ina bei yake, ina saa zake, na bia huja moja moja. Chumbani hakuna hayo. Vijana huchanga kidogo kidogo, hununua pombe kali, huichanganya na soda, na hunywa kabla ya kutoka ili wakifika kwenye burudani wasitumie pesa nyingi. Hosteli inayokagua mifuko langoni nayo husababisha jambo ambalo haikulikusudia: bia ni nzito na chupa zake hugongana, lakini pombe kali huingia kwenye chupa ya soda bila mlinzi kushuku. Marufuku bila mtu wa kupita vyumbani humtoa kijana kwenye bia na kumpeleka kwenye kikali.

Tazama hesabu yake. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 4.2 ina kama gramu 17 za kileo halisi. Ile chupa ndogo ya mililita 250 ya pombe kali ya asilimia 40, ambayo wao huiita kwota, ina karibu gramu 79, yaani sawa na bia tano hivi. Mzinga wa mililita 750 ukigawanywa na vijana watatu, kila mmoja amekunywa kwota nzima. Mwili huondoa gramu saba hadi kumi hivi kwa saa, na hakuna kahawa, ndimu wala maji baridi yanayouharakisha. Kijana wa kilo 60 akimaliza sehemu yake kwa saa moja, damu yake itakuwa na kileo zaidi ya mara mbili ya kiwango kinachomzuia dereva kuendesha gari hapa Kenya. Naye atasema alikunywa "vikombe vitatu tu", na hatakuwa anakudanganya, kwa sababu kikombe cha plastiki hakina kipimo.

Pwani tuna mengine mawili ya kuongeza. Pombe ya mnazi ya asubuhi ni laini, lakini mnazi huo hauachi kuchacha. Ule ule uliogemwa alfajiri, jioni kwenye mangwe, yaani kilabu cha mnazi, una ukali mwingine. Kijana aliyeuonja saa nne asubuhi akaona haumfanyi kitu, akinywa kiasi kile kile saa mbili usiku atashangaa. La pili ni muguka, yale majani ya jamii ya miraa. Wengi hutafuna huku wakinywa, kwa sababu muguka hufukuza usingizi na humfanya mtu ajione mzima. Kileo hakijapungua hata tone. Kilichopungua ni onyo la mwili. Usingizi ndio ungemsimamisha, na sasa hauji, basi anaongeza.

Tuje kwenye makao manne.

Kwenda na kurudi kila siku: Malindi hadi Kilifi ni kilomita 60 hivi, na matatu husimama njiani. Somo la asubuhi na mapema lamtaka atoke nyumbani alfajiri, na mtihani au kazi ya kundi jioni humwacha stendi usiku. Wiki ya pili au ya tatu ataanza kusema, "Leo nitalala kwa mwenzangu." Hizo ndizo nyakati mbaya zaidi, maana analala chumba usichokijua, na watu usiowajua, usiku ambao hukuupangia. Na akinywa, ana barabara mbele yake. Huko Marekani wanaoishi na wazazi hunywa kidogo, lakini wakinywa huwa wana safari ya kurudi nyumbani. Hapa safari hiyo ni bodaboda kwenye barabara kuu ya Malindi gizani. Ningeogopa hilo kuliko hosteli.

Kwa ami: Tezo iko upande huu wa Malindi, karibu na Kilifi, kwa hiyo usafiri ni wa muda mfupi. Sharti la kwanza, chumba kiwe ndani ya nyumba, mlango wake upite sebuleni au uani penye watu. Kibanda cha nje chenye mlango wake na funguo yake ni chumba cha kupanga kisicho na kodi, hakuna zaidi. Sharti la pili, ami mwenyewe au mkewe awe analala nyumbani siku nyingi za wiki. Ami anayefanya kazi Mombasa na kurudi Jumamosi hamlei mtu. Masharti hayo yakitimia, kubalianeni mapema, wewe, ami na kijana mkiwa mmekaa: saa ya kurudi siku za masomo, saa ya kurudi Ijumaa na Jumamosi, na afanye nini akichelewa. Saa iwe ya akili. Ukisema saa kumi na mbili jioni kwa mwanafunzi wa chuo kikuu, atavunja siku ya tatu, na akishavunja mara moja ataona heri alale huko huko kuliko kugonga mlango na kusemwa. Mlango ufunguliwe saa yoyote. Maneno yangoje asubuhi.

Ami naye aulizwe kwa adabu kama yeye hunywa. Kijana hufuata anachokiona kwenye kiti cha mkubwa wake.

Hosteli: vyuo vingi huwapa wa mwaka wa kwanza nafasi mbele, lakini vitanda ni vichache. Tangu mwaka 2011, vyuo vya umma vilipoanza kuchukua makundi mawili ya wanafunzi kwa pamoja, idadi ya wanafunzi imekimbia na mabweni yamebaki nyuma. Kwa hiyo abuku kwenye mtandao wa chuo siku ile ile nafasi zinapofunguliwa, na alipe mara moja. Kitanda kilichobukiwa bila malipo huenda kwa mwingine. Akipata, mambo matatu yaangaliwe. Kama kuna msimamizi anayelala kwenye jengo lenyewe, au yuko ofisini mchana tu. Chumba ni cha wangapi kwa maandishi na cha wangapi kwa kweli, maana wanafunzi wana mtindo wa kumlaza mtu asiyelipa, wao humwita pairati, na chumba cha wawili kikiwa na wanne hakuna awezaye kusema "mimi nataka kulala". Na utaratibu wa kubadilisha chumba: aujue siku ya kwanza, anaandikia nani, na ndani ya wiki ngapi. Akikuta mwenzake ni mnywaji, aombe kuhama wiki ya kwanza au ya pili. Wiki ya nane wameshakuwa marafiki na hataomba tena. Asiseme "mwenzangu ni mlevi", hiyo itamletea uadui. Aseme anahitaji chumba cha utulivu wa kusoma, na hilo ni kweli.

Chumba cha nje, mwaka ukifika: msikikague mchana. Nendeni Ijumaa au Jumamosi saa tatu usiku, msimame langoni dakika ishirini. Mtasikia muziki unatoka wapi na mtaona nani anaingia na chupa. Tembeeni kutoka mlangoni hadi mahali pa kwanza panapouza kileo, iwe baa au lile duka la dirisha lenye nondo, mhesabu dakika. Chini ya dakika tano, tafuteni kwingine, kwa sababu pombe iliyo karibu hununuliwa mara ya pili na ya tatu usiku ule ule. Angalieni pipa la taka. Ulizeni keateka, yaani mtunza jengo, analala wapi na lango hufungwa saa ngapi, kisha muulizeni mpangaji swali lile lile, mlinganishe majibu. Kompaundi yenye familia, nguo za watoto kambani na mama anayekaanga viazi barazani, ni bora kuliko jengo jipya la ghorofa tatu lililojaa wanafunzi watupu, hata kama choo kiko nje. Na wawili chumba kimoja ni afadhali kuliko watatu. Chumba cha watatu hugeuka ukumbi.

Pesa ina uzito sawa na nyumba. Mkopo wa kujikimu wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, huingia kwa mkupuo, na siku zinazofuata baa za karibu na vyuo hujaa. Kaeni naye kabla haujaingia, mgawanye kwa wiki za muhula: kodi na ada zitolewe siku ile ile, sehemu ya chakula iwekwe akaunti ya akiba isiyochomoka kwa simu. Kile unachomtumia wewe kitume kila Jumatatu asubuhi, kiasi cha wiki moja, si Ijumaa jioni. Pesa ya Jumatatu hununua unga na vocha. Ya Ijumaa hukutana na michango ya chumbani. Kodi ya chumba mtumie mwenye nyumba moja kwa moja.

Wiki sita za mwanzo ndizo za kukesha nazo. Hapo ndipo kijana hutafuta kikundi cha kumpokea, na wanaopokea haraka kuliko wote ni wanywaji, kwa sababu wao daima wanahitaji mtu wa kuchanga. Kwa hiyo apate kikundi kingine ndani ya wiki mbili: timu ya mpira, jumuiya ya msikiti au kanisa, klabu ya fani yake. Kijana asiye na mahali pa kwenda Jumamosi saa moja usiku ataenda anakoitwa. Mpigie simu Jumapili mchana, si Jumamosi usiku. Jumapili utasikia sauti yake ilivyo, na kama amekula.

La kwenu hasa, Mama, ni hili la nyumba isiyokunywa. Ni kinga kubwa, nami naiheshimu. Lakini ina tundu moja: kijana aliyelelewa kwamba pombe ni haramu, siku akiionja hawezi kumwambia mtu. Anaificha, hata pale anapohitaji msaada. Mwambie waziwazi kabla hajaondoka: "Kwetu hatunywi na sitaki unywe. Lakini ukikosea, au mwenzako akizidiwa, nipigie saa yoyote. Nitakuja kwanza, tutasema baadaye." Maneno hayo hayamruhusu kunywa. Yanamruhusu kupiga simu. Mfundishe pia jibu fupi la kukataa: "Mimi sinywi, nipe soda." Bila maelezo. Anayeanza kueleza sababu amefungua mjadala.

Ukianza kushuku, usipekue mkoba tu. Shirika la Afya Duniani lina maswali kumi ya kupima unywaji, na matatu ya mwanzo yanatosha kuanzia: anakunywa mara ngapi, akinywa anakunywa vingapi, na ni mara ngapi anafika sita au zaidi kwa kikao kimoja. Kila swali lina alama 0 hadi 4. Mwanamume akifika jumla ya 4, mwanamke 3, ni wakati wa kumwona mshauri, na ofisi ya ushauri ya chuo huwa haitozi mwanafunzi. NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, nao wana simu ya bure, 1192. Alama nyingine huonekana bila maswali: anaomba pesa ya chakula katikati ya wiki, hahudhurii masomo ya Jumatatu asubuhi, simu au viatu "vimepotea".

Na haya ayaandike kwenye simu yake hata kama hatagusa tone, kwa sababu atakuwa chumbani na wanaogusa. Mtu aliyelewa ambaye haamki ukimtikisa na kumwita, anayepumua chini ya mara nane kwa dakika au anayekaa zaidi ya sekunde kumi bila pumzi, aliye baridi au mwenye midomo ya buluu, au anayetapika huku hana fahamu, hapaswi kuachwa "alale itoke". Mlazeni ubavu, goti la juu likunjwe mbele, mdomo uelekee chini ili matapishi yatoke. Msimpe kahawa, msimmwagie maji, msimtapishe. Mtu mmoja abaki naye, mwingine atafute gari la kumfikisha hospitali ya kaunti hapo Kilifi, au apige 999 au 112. Kama alikunywa chang'aa au kitu kisicho na lebo, na kesho yake analalamika kwamba macho yanaona ukungu, tumbo linauma na anahema, huo si uchovu wa ulevi wa jana. Sumu ya methanoli huchelewa hata saa 12 hadi 24 kujitokeza, na dawa yake iko hospitali, si kwenye supu. Waende na chupa au kikombe kilichobaki.

Vijana wengi huchelewa kwa kuogopa chuo kitawafukuza. Mwambie kwamba hilo ni lako wewe na baba yake kushughulika nalo asubuhi, na namba yako, ya baba yake na ya ami ziwe za kwanza kwenye simu hiyo.